Nani Alikuambia Nina Haraka?

Kijiwe chetu ni benchi la mbao mbele ya duka la chakula cha mifugo, kwenye kimji cha Montana ambacho ukipiga chafya umeshakipita. Kahawa inatoka ndani ya duka, nyeusi kama lami, na hakuna anayeisifia. Asubuhi ile ya Aprili upepo ulikuwa unachuna ngozi, theluji ikiyeyuka kuwa tope, na kindi wa ardhini walishaanza kuchungulia kwenye mashimo yao. Huo ndio msimu wa Gus Tollefson. Tunamwita Mavu kwa sababu ya bunduki yake: inatumia kirisasi chembamba cha zamani ambacho waliokibuni walikipa jina la mdudu huyo, na Gus anakipenda kuliko anavyotupenda sisi. Majira ya baridi alifanyiwa upasuaji wa goti, akamwachia bunduki rafiki yake Merle, tunayemwita Fundi, amrekebishie kifyatuo. Asubuhi hiyo Fundi alimrudishia. Mavu akafungua komeo, akachungulia ndani, akatumbukiza kirisasi kimoja, kikacheza humo, akakichomoa. Uso ukambadilika.

— Merle. Umefanya nini humu?

— Nimekutengenezea kifyatuo, — Fundi akasema, tabasamu limemjaa. — Halafu nikakupa zawadi. Nimeichonga chemba, pale risasi inapokaa, nikaipanua kidogo. Sasa ganda linabeba baruti nyingi zaidi. Nimekuongezea kasi, mzee!

— Nani alikuambia nina haraka?

Mimi nilicheka. Nikaona nacheka peke yangu, nikarudi kwenye kahawa yangu.

— Gus, risasi zako za zamani bado zinaingia, — Fundi akaanza kujitetea. — Ukifyatua mara moja tu, ganda linatoka limetanuka mabega, limejaa chemba. Unalijaza upya, unapata mlio mpya kabisa.

— Sitaki mlio mpya! Na vile vifaa vya baba vya kujazia risasi? Ganda lililotanuka litaingia wapi? Nivifanye vizuizi vya mlango?

— Nitakununulia vingine.

— Utaninunulia na baba mwingine?

Hapo akadakia Odell. Huyu tunamwita Redio, maana akishawashwa hana kitufe cha kuzima.

— Msigombane, jamani, hamuoni? Hii kitu imepangwa! Viwanda vinatengeneza risasi za bunduki hii mara moja, halafu vinakaa kimya mwaka mzima. Kwa nini? Wanataka watu wakate tamaa, wanunue mabunduki mapya ya kelele.

— Nyamaza, Odell, — Mavu akasema.

— Na wanaouza viziba masikio je? Bunduki hii haipigi kelele! Unapiga kindi hapa, mbwa wa jirani hata hageuzi shingo. Wale watu wa viziba masikio watakula wapi? Wao ndio wanaowalipa mafundi wachonge chemba za watu!

Fundi akamgeukia, shingo imemvimba.

— Mimi nimelipwa na nani? Sema jina! Mtu mwenyewe hujawahi hata kusafisha mtutu, bunduki yako ina kutu mpaka kuku wanaikwepa!

— Kutu inalinda chuma!

— Inalinda ujinga wako!

— Na bima! — Redio akapaza sauti, hakusikia tena mtu. — Bunduki hii haipigi teke. Mabega hayaumii, watu hawaendi hospitali. Mnadhani watu wa bima wamefurahi? Wana ndege ya kutuhesabu, inapita juu ya shamba langu kila Jumanne!

— Hiyo ni ndege ya kunyunyizia dawa, mpumbavu wee! — tukamjibu mimi na Fundi kwa pamoja.

Lakini Mavu hakuwa anatusikiliza. Alikuwa ameilaza bunduki mapajani, komeo wazi, kidole chake kinapapasa pale chemba inapoanzia.

— Mwaka ule dhoruba ilipoua kondoo wetu wote, — akasema, na sauti yake ilikuwa chini kuliko ya kawaida, jambo lililonitisha zaidi, — mama alitulisha sungura mpaka nyasi zikaota. Kila sungura alipigwa na chuma hiki. Baba alikuwa amelala na nimonia, anahesabu milio kupitia dirishani. Mlio mmoja, sungura mmoja. Wewe umechukua keekee yako ukaukwangua ule mwaka, ukaumwaga sakafuni pamoja na vumbi la chuma.

— Sikutumia keekee. Nilitumia mkono, — Fundi akasema.

— Afadhali ungetumia shoka!

— Nilitumia mkono, Gus, kwa sababu nilitaka iwe safi! Unaiona hii? — Akanyoosha vidole. Vilikuwa vinatetemeka kama vya mtu mwenye homa. Sikuwahi kuviona hivyo. Sikujua kwamba alikuwa anavificha mifukoni. — Daktari anasema havitapona. Ile ndiyo kazi ya mwisho niliyoweza. Nikasema kazi ya mwisho nimfanyie rafiki yangu kitu ambacho hakuna fundi mwingine hapa angeweza.

— Ungeniuliza!

— Ungekataa!

— Ndiyo maana watu huulizwa, Merle! Ili waweze kukataa!

Akaipiga ngumi mbao ya benchi, kahawa yangu ikaruka ikaniunguza goti. Hakuna aliyeomba radhi.

Wakati huo mlango wa duka ulifunguka. Akatoka Janelle Brekke, mwanamke aliyehamia majuzi kwenye lile shamba la kando ya mfereji, gunia la chakula cha kuku begani. Alikuwa amesikia yote kutoka ndani. Hata mbweha milimani walikuwa wamesikia. Akaweka gunia chini, akaitazama bunduki, kisha Mavu.

— Samahani, wazee wangu. Naomba kuuliza tu. Baada yako, itabaki kwa nani?

Aliuliza kwa upole, kama anayeuliza njia.

Leif, mwana wa pekee wa Mavu, anaishi mjini Seattle, na alishasema wazi kwamba bunduki haitavuka kizingiti chake. Mavu akamtazama Fundi, ambaye hakujaliwa mtoto. Fundi akamtazama Redio. Redio, mwenye majibu ya ndege na bima, akachungulia kikombe chake. Mimi nikajishughulisha na goti langu.

Janelle akaona amegusa pabaya, akabeba gunia lake akaondoka.

Mavu akanyanyuka kwa shida, goti jipya linamgomea. Akaifunga bunduki kwenye ala yake, akachechemea mpaka kwenye pikapu, akaingia, akabamiza mlango. Hakuwasha injini. Alikaa tu, mikono kwenye usukani, anatazama tope.

— Mwache, — nikamwambia Fundi.

— Niache wewe.

Akavuka tope, akafungua mlango wa upande wa pili bila kubisha, akaingia. Kutoka kwenye benchi tuliwaona kupitia kioo: midomo inafunguka, vidole vinasontana, Mavu anapiga usukani, Fundi anapiga dashibodi kwa mkono wake unaotetemeka. Vioo vikaanza kupata ukungu kwa pumzi zao. Wakaendelea kugombana mpaka hatukuweza kuwaona tena, na hakuna aliyeshuka.