Risala ya Wenye Mikorosho ya Nambedo kwa Mgeni Aliyetuona Kwanza kutoka Angani

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, Bwana Mkurugenzi wa Mradi wa Ramani za Misitu. Bwana Cecil, mtaalamu wako wa kompyuta. Viongozi wa kata na kijiji, ambao leo nyote mmepata nafasi ya kufika. Na wananchi wenzetu mliokaa juani:

Sisi wenye mikorosho ya Nambedo, jirani na Chilangala, tunakuamkia shikamoo. Tunaona umri wako ni wa watoto wetu wa mwisho, lakini cheo nacho kina umri wake, kwa hiyo ipokee bila aibu. Tumefurahi mno kukuona ukiwa chini. Miaka yote hii ulikuwa unatutazama kutoka juu, kwa picha za angani, nasi hatukujua. Tungejua tungevaa vizuri.

Katibu wa kijiji alituandikia risala nyingine, yenye pongezi ukurasa mzima. Alipotusomea kikaoni, Mama Sophia akamuuliza, "Katibu, hicho kijiji unachokisema kiko wapi, tukahamie?" Ndipo kazi akapewa Nikolao anayesoma sasa, darasa la nne la zamani. Makosa ya kalamu ni yake. Makosa mengine yana wenyewe.

HISTORIA YETU

Mgeni rasmi, Nambedo unayoiona kwenye ramani yako ikiwa kijani, na maandishi ya "msitu wa asili", ni mahame. Hapo ndipo zilipokuwa nyumba zetu. Mikorosho ile walipanda baba zetu. Ukaja mwaka wa operesheni ya vijiji, tukaambiwa tuhamie kando ya barabara tuletewe maendeleo. Tukahama. Maendeleo tunayangoja mpaka leo, ila barabara tunayo, maana ndiyo iliyokuchelewesha asubuhi hii.

Mikorosho ikabaki peke yake. Ikaingiwa na ubwiri, ule ugonjwa wa unga mweupe, bei nayo ikafa, vichaka vikaota mpaka vikakumbatia matawi. Nani angefyekea korosho isiyo na mnunuzi? Kisha ikaja soko huria. Wafanyabiashara wakafika na malori yao, bei ikapanda, salfa ya kupulizia ikajaa madukani. Wakubwa wakasema limeni, uzeni, ruksa. Sisi watu wa kutii tukachukua mapanga na majembe, tukarudi mahameni, tukafyeka vichaka chini ya mikorosho yetu wenyewe. Mkorosho hata mmoja hatukuuangusha.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu makubwa tumeyapata kwako. Bwana Cecil alitandika ramani zake pale shuleni akatueleza polepole, kama mtu anayeongea na wagonjwa. Picha ya kwanza ilipigwa wakati mahame yamefungwa na vichaka: kijani kitupu. Ya pili ilipigwa baada ya sisi kufyeka: kijani kimechanika. Kompyuta ikazitazama zote mbili, ikatoa, ikajumlisha, halafu ikaota. Ikasema kwa mwendo huu, wajukuu wetu watakuta uwanda wote kuanzia hapa hadi Mkunya ni mchanga. Tulipiga makofi. Hatujawahi kusikia kwamba sisi tunaweza jambo kubwa kiasi hicho.

Tulifundishwa pia habari ya ramani kubwa na ramani ndogo. Kwenye ramani ya dunia, misitu inaisha kwa sababu ya biashara. Humo hatuonekani, tukashukuru. Kwenye ramani ya nchi, inaisha kwa sababu ya soko huria. Sisi tumo kama punje ya mtama. Kwenye ramani ya wilaya, inaisha kwa sababu ya kilimo cha wananchi. Kwenye ramani ya kijiji, msitu unaisha kwa sababu ya panga la Mama Sophia. Mtu mmoja akauliza ile biashara ya ramani ya kwanza imetozwa faini gani. Bwana Cecil akajibu kuwa ramani ile ni ya utafiti tu. Panga la Mama Sophia lilichukuliwa siku ileile.

Hatusemi sisi malaika. Mkaa tunachoma, na kule mteremkoni wapo wenzetu waliofungua mashamba mapya ambayo hayakuwa ya baba wa mtu. Ungetukamata kwa hayo, leo tungekuwa tunakuimbia ngonjera. Umetukamata kwa palizi.

MATATIZO (tumeshauriwa tuyaite changamoto)

Changamoto ya kwanza ni mawe ya mpaka. Yalipandwa kuzunguka mahame, tukaambiwa hakuna kuingia na kitu chenye makali, na mapanga yetu yote yakafungiwa kata. Mama Sophia alimfuata Bwana Cecil akamwambia, "Baba, msitu wako una mafiga. Mimi mwenyewe nimepikia pale."

"Mafiga hayaonekani angani, mama."

"Shuka basi."

Watu walicheka. Bwana Cecil naye alicheka, ni mtu mcheshi. Mawe yakaendelea kupandwa.

Changamoto ya pili ni moto. Kichaka kisipofyekwa, kiangazi moto unapanda mpaka kwenye matawi na mkorosho unakufa umesimama. Ukiwaka mwaka huu, picha yako ya tatu itakuwa nyeusi, na kompyuta itatutaja tena. Tunaomba safari hiyo itutaje kwa majina, tumeshazoeana.

Ya tatu ni hapa ulipokaa. Turubai hili lipo ndani ya mawe. Juzi tuliamriwa tufyeke hapa, gari lako lipate pa kugeuzia na wewe usichomwe na miiba. Mapanga yetu tuliazimwa kwa kazi hiyo, tulipomaliza yakarudishwa kifungoni. Kwa hiyo kwenye picha ijayo tundu la mahali hapa kwenye kijani ni lako. Karibu kundini.

Ya nne, wenzangu walitaka niiache. Mwenyekiti wetu, Mzee Hamidu, aliniambia, "Nikolao, mambo ya marehemu hayasomwi kwenye kipaza sauti." Nikamwambia basi risala asome yeye. Akatazama pembeni.

Mke wangu Bibiana, Mama Flora, alizaliwa hapa mahameni. Tuliporudi kufyeka, yeye ndiye aliyetangulia, akituonyesha kwa panga nyumba ya nani ilikuwa wapi. Alisema tukipata msimu mmoja mzuri tunajenga hapahapa, hao wa barabarani wabaki na barabara yao. Masika yaliyopita alifariki. Tulimzika jirani na mama yake, chini ya mkorosho wao. Mawe yenu yakaja baada ya arobaini.

Sasa kaburi limeota majani. Nilikwenda na jembe kulipalilia, akanikuta Ladislaus, mlinzi wa msitu. Huyu ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Bibiana ndiye aliyemlea.

"Baba mdogo, shikamoo."

"Marahaba. Sogea nipalilie."

"Siwezi kukuruhusu, baba mdogo. Hiyo ni mimea ya asili inarudi."

"Inarudi juu ya nani?"

Jembe alilipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, vilevile alivyofundishwa na marehemu.

Nikaenda kwa wakubwa wa kata. Mmoja akaniambia kaburi ni dogo mno, kwenye ramani halitokei, kwa hiyo halina utaratibu. Nikasema kama halitokei, basi hata nikilipalilia haitaonekana. Akasema, "Mzee, umeanza siasa."

MAOMBI

Tunaomba mawe yaondolewe Nambedo kabla mikorosho haijatoa maua. Tunaomba mapanga yetu yafunguliwe moja kwa moja, si ya kuazimwa kila anapokuja mgeni. Tunaomba kompyuta ikitaka kuota tena, kwanza mtu atembee kwa miguu humo anamoota.

Ombi la mwisho ni langu, kikundi kimeniachia kwa sababu hakikuweza kunizuia. Jembe langu limeletwa leo kama ushahidi, lipo ndani ya gari la kata. Ladislaus amesimama nyuma ya kiti chako. Sikuombi hotuba. Geuka umtazame, uinamishe kichwa kumkubalia alitoe. Ataelewa, ni mtoto msikivu.

Mungu anayeombwa msikitini na kanisani hapa kwetu akurudishe salama kwa wanao, akupe maisha marefu, na akikuchukua, akujalie watu wa kukupalilia.

Ni sisi,
Umoja wa Wenye Mikorosho ya Nambedo.

Imesomwa na Nikolao, Baba Flora, ambaye akishakukabidhi karatasi hii harudi kwenye benchi. Kaburi lipo nyuma ya turubai hili. Jembe likitolewa, atashukuru. Lisipotolewa, atang'oa kwa mikono, na wewe utakuwa umekaa karibu vya kutosha kuona.