Chukua Lolote Tu

Bwana asifiwe! Hapana, hiyo amina ni ya watu wenye njaa. Bwana asifiwe tena! Haya, na hiyo naweza kuanza.

Mchungaji ameniomba niongee kwa sababu wazazi wengi hapa mna watoto wa gredi ya tisa, na wanatakiwa kuchagua mkondo watakaoufuata sekondari ya juu. Naona vile hamlali. Mama mmoja amenishika mkono pale kwa lango akaniuliza, "Ni upi huo unaingiza mtoto chuo kikuu haraka?" Nikacheka, kumbe mwenzangu hakuwa anacheka.

Mimi si mwalimu, jamani. Nimesimama hapa kama mtu aliyeliwa na wivu akabaki mifupa. Ndiyo, wivu. Msinitazame hivyo, hata nyinyi mnao, ni vile tu hamjapewa maikrofoni.

Niliyemwonea wivu ni binamu yangu, binti wa dadake mama. Jina silitaji. Jana nilimwomba ruhusa akaniambia, "Sema yote, jina tu uache." Alikuja kwetu mtaani Jericho tukiwa darasa la saba, mamake alipofariki akabaki bila mzazi. Tulikuwa rika moja, tukawekwa darasa moja na tukalala kitanda kimoja. Tangu wiki ya kwanza yeye ndiye aliyekuwa analeta sahani mezani. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyemkataza.

Baba yangu, yule pale nyuma anayejifanya anasoma Biblia, alikuwa fundi wa umeme kule reli. Kwetu kila mtu alijua mimi nitakuwa injinia. Aliyekuwa hajui ni mimi. Mimi nilipenda mimea. Nyuma ya nyumba nilikuwa na dhania kwenye gunia, nyanya kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia, na sukuma wiki ambayo majirani walichuma bila hata kupiga hodi. Nikiamka, kabla sijanawa uso, naenda kuangalia kama kuna mbegu imetoka.

Kidato cha pili kilipoisha tukapewa karatasi za kuchagua masomo. Kwa shule yetu Fizikia na Kilimo yalifundishwa kipindi kimoja, kwa hivyo ukichukua hili, lile umeliaga. Nikaandika Kilimo. Baba akaona. Woi!

"Mimi niliacha jembe Butere nikaja Nairobi na viatu vya kuazima," akasema. "Leo nilipe karo usomee jembe?"

"Baba, kuna digrii ya kilimo."

"Ya kulima wapi? Hapa Jericho? Kwa lami? Bila Fizikia chuo kikuu utaingia kufanya nini?"

Tuligombana wiki nzima. Nililia, nikasusia chakula, nikasema maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya madhabahu. Akanipeleka hadi kazini kwake nikamwone injinia mmoja akipita na kofia yake ya plastiki, kila mtu akimpisha. Mwishowe akaninunulia kitabu kipya cha Fizikia, akakifunika kwa gazeti yeye mwenyewe, kona zote zikakaa sawa. Nikashindwa. Nikafuta Kilimo nikaandika Fizikia.

Sasa sikilizeni hapa. Siku hiyohiyo binamu yangu naye akaja na karatasi yake, akasimama mlangoni. Baba hata hakugeuka.

"Wewe chukua lolote tu," akamwambia.

Akachukua Kilimo.

Ndugu zangu, nawaambia, kuna kitu kiliniingia moyoni siku hiyo na kikavua viatu, maana kilikuja kukaa. Yeye aliyekuja juzi na mfuko mmoja anaambiwa achukue lolote, na mimi niliyezaliwa humo napigiwa kelele! Nikaona amependelewa. Nikaona baba anampenda kuliko mimi.

Na dirisha la maabara ya Fizikia, mnajua lilikuwa linaangalia wapi? Shamba la shule. Naliita shamba, lakini kilikuwa kipande tu nyuma ya vyoo. Mwalimu anachora saketi ubaoni, mimi macho yako nje. Naona wenzangu wa Kilimo na ndoo zao, wanachekana, wamechafuka hadi magotini. Na huyo binamu yangu anashika jembe kama ameshika nyoka! Haki ya Mungu, anang'oa mche na kuacha gugu. Nilikuwa nauma kalamu hadi inapasuka. Mtu amepewa kitu ninachokililia, na hata hajui kukishika.

Tulipofika kidato cha nne, wa Kilimo wakapewa mradi. Kila mmoja na kitalu chake, anakuza mboga hadi zikomae, mwalimu anatia alama. Yeye akapewa kabichi, na kabichi zikaanza kunyauka. Ikawa saa ya chakula cha mchana mimi sili. Nateremka kumwagilia, napalilia, natoa viwavi kimoja kimoja kwa mkono. Na msiniite mkarimu. Sikuwa namsaidia. Nilikuwa najidanganya kwamba hizo kabichi ni zangu.

Nikirudi darasani, ninamkuta na kitabu changu cha Fizikia. Akiniona anakifunga.

"Wacha kitabu changu!" namwambia. "Si uko na chako cha kabichi?"

Nilidhani ananicheka.

Matokeo yakatoka. Kilimo akapata A, ile A ya kabichi nilizomwagilia mimi, na alama yake ya jumla ikamtosha kuingia chuo kikuu kusomea kilimo. Mimi Fizikia ilinipa D, tena ile D ya kuhurumiwa, ikavuta kila kitu chini. Chuo kikuu kikanipita hivi nikikitazama.

Halafu ikaja ile Jumapili. Wengine wenu mlikuwa hapa. Mnajua desturi yetu, waliopita wanaitwa mbele na wazazi wao waombewe. Nilikuwa nimekaa na kwaya upande huu. Binamu yangu akaitwa. Na kwa vile hana mzazi, baba yangu akainuka akaenda naye. Akamwekea mkono begani, hapa hapa ninaposimama. Na alikuwa amevaa ile suti ya kijivu aliyonunua akisema ni ya siku yangu. Nyinyi mkapiga vigelegele. Mimi nilitoka na mlango wa pembeni, na kwa kwaya sikurudi tena.

Nikaenda kumsaidia mama, ambaye anauza nyanya na vitunguu sokoni Muthurwa. Miaka miwili na zaidi nimekaa hapo na kinyongo changu. Niliapa sitaangalia picha anazoweka binamu yangu kwenye simu, na bado kila akiweka, mimi ndiye wa kwanza kuangalia. Huyo hapo shambani kwa chuo. Huyo hapo katikati ya mistari ya pilipili hoho, amevaa gambuti za mpira, amejipinda kiuno. Gambuti zangu hizo! Nilikuwa nasema hivyo kwa sauti, peke yangu, mbele ya wateja. Mama akaniambia, "Uza nyanya, binti yangu. Huo uso unanifukuzia watu."

Akija likizo simsemeshi. Ananiambia "niaje," mimi namjibu kwa kugonga sufuria. Tulilala kitanda kimoja tangu utotoni, na sasa kila mmoja anaangalia ukuta wake. Nilikuwa nimempoteza dada, na kwa upumbavu wangu nikawa naona nimeshinda.

Likizo iliyopita, Jumapili mchana, tumetoka ibadani, tumekaa tunangoja chakula. Ndugu yangu mdogo yuko gredi ya tisa. Baba akamgeukia, kwa upole kabisa, akamuuliza, "Na wewe, unataka kusomea nini?"

Kijana akasema labda muziki. Nikangoja kelele. Baba akameza mate akasema, "Sawa. Tuongee."

Ala! Nikalipuka.

"Leo unauliza? Mimi uliniuliza? Mimi ulinifutisha! Huyu ndiye uliyemwacha achague anachotaka, na leo yuko chuo kikuu na mimi niko Muthurwa!"

Binamu yangu alikuwa amesimama na sahani mkononi. Akanitazama.

"Achague?" akauliza. "Nani alichagua?"

"Wewe! Si uliambiwa uchukue lolote!"

"Ndiyo. Lolote." Akaweka sahani mezani polepole. "Wewe uligombezwa wiki nzima. Ukapelekwa reli ukaonyeshwa injinia. Ukanunuliwa kitabu, kikafunikwa. Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni natamani Anko anigombeze hata kidogo. Aniulize tu nimeandika nini. Nilikuwa nimeandika Fizikia."

Baba akageuka akamtazama.

"Nikaifuta," akasema. "Niliona kitabu kama hicho hakiwezi kununuliwa mara mbili, na si mimi niliyekuwa nangojewa niwe injinia. Nikaenda kule ulikotoka wewe. Unajua nilivyokuonea wivu? Kila siku. Mpaka hii leo."

Mimi? Nionewe wivu mimi, na D yangu?

Baba akauliza, sauti ikiwa chini sana, "Kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza, Anko."

Ndugu zangu, baba alitaka mtoto mmoja tu wa kumwachia koleo na bisibisi zake. Aliniburuta mimi, niliyekuwa nikiona waya nakimbia. Na mwenye kuzitaka alikuwa ndani ya nyumba yake miaka yote hiyo, anamletea sahani. Nilimwona baba akilielewa hilo. Uso wake uliniumiza kuliko kelele zake zote.

Mama akaanza kulia. Mimi nikasema la kijinga. "Zile kabichi nilikuwa namwagilia mimi."

"Najua," akasema binamu yangu. "Kwani unadhani ni kwa nini nilikuwa naziacha zikauke? Ukiteremka kwa kabichi, ndipo napata kitabu."

Nilicheka nikalia kwa pamoja, makamasi na yote. Mama akasema tule kabla ugali haujawa jiwe. Siku hiyo sahani alileta baba.

Siku chache baadaye, binamu yangu akaja Muthurwa, akaketi na mimi kwenye gunia la vitunguu, tukatafuta kwa simu yake chuo cha kati kinachofundisha kilimo. Akasema, "Hapa alama zako zinatosha kabisa. Kwani ulikuwa unangoja nini?" Nilikuwa nangoja nisahau kuwa yeye ametangulia, hilo tu. Muhula huu nimeanza. Ninazo gambuti zangu, nyekundu, na ninaziweka chini ya kitanda kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Krismasi. Yeye anaendelea na digrii yake, lakini ameapa akimaliza atasomea umeme. Akiwa nyumbani, baba anamfundisha.

Na nisiwadanganye kwamba wivu umekufa. Jumamosi moja soketi ya jikoni iliharibika ikatuzimia taa, wakasogeza kabati, wakainama wote wawili nyuma kule kwenye giza, baba na yeye, wanabishana kuhusu waya na kucheka. Baba hajawahi kucheka hivyo na mimi. Kile kitu cha zamani kikaanza kuvua viatu tena. Halafu baba akaita, "Nani atatushikia tochi?" Ndugu zangu, niliangalia mlango. Nilitamani kutoka. Nikaichukua tochi nikaenda. Nikawamulikia, wakaona walichokuwa wanakifanya, na taa ikawaka.

Namshukuru mama, aliyenivumilia na uso wangu mbaya mbele ya wateja. Nawashukuru akina mama wa kwaya waliokuwa wakipita Muthurwa kununua nyanya moja moja wasizozihitaji, ili wapate tu kuniuliza, "Unarudi lini?" Nimerudi. Namshukuru binamu yangu, ambaye kuanzia leo sitamwita binamu tena, ni dada. Na baba, wewe pale nyuma, funga hiyo Biblia kidogo unitazame. Ulinigombeza vibaya, na nilikuchukia. Lakini nimejua sasa kwamba ulikuwa umeniona. Asante kwa hilo. Na asante kwamba siku hizi unauliza kwanza.

Basi yule mama wa pale langoni, mkondo upi ni wa haraka mimi sijui, na ningejua nisingekuambia. Ninachojua ni kwamba karatasi inaletwa nyumbani na mtoto, na kwa nyumba zetu hizi watoto si wetu peke yetu. Kuna wa dada, kuna wa kaka, kuna wa marehemu. Tunasema tumewapa uhuru, kumbe hatujawatazama. Mkifika nyumbani leo, kabla hamjala, waulizeni wanataka nini, na mkae chini msikie jibu lote. Anzeni na yule anayeleta sahani.