Ufunguo wa Somo la Kola

Basini, mshonaji aliitambua sauti iliyotoka kiti cha mbele kabla hajauona uso: ndiye mwalimu wa video za ushonaji anazojifunzia! Akatega sikio. Mwalimu alikuwa akimlalamikia abiria wa pembeni, fundi simu, kwamba video zake zinanakiliwa ovyo.

"Zitie kufuli, mama," fundi akasema. "Anayenakili ataambulia giza tupu."

"Na mwanafunzi wangu ataonaje?"

"Simu yake inapewa ufunguo."

"Hapo si nimemkabidhi fisi bucha?"

"Ufunguo unakaa ndani ya simu. Yeye mwenyewe haugusi."

"Na macho yake, mwanangu, utayatia kufuli gani?"

Basi likasimama. Mshonaji akateremka kimyakimya, daftari kwapani, na ndani yake kola ya somo la nne la video za mwalimu huyo, ameichora yote kwa penseli.