Bolti za Mkanda wa Dada

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili kuukuu, ukaegemea ukuta wa duka la kinyozi. Asiye na kazi alikuja kukaa hapo asubuhi, na mwenye kazi alikuja vilevile, akaiahirisha. Kichwani mwa benchi Mama Kahawa alikuwa na jiko lake la mkaa na birika lisilopoa. Kando yake alikaa Uhakika, mlinzi mstaafu, mtu wa kujibu swali kabla hujalimaliza. Mwisho kabisa alikaa Redio, fundi viatu, ambaye mikono yake ilishona soli huku mdomo ukirusha matangazo. Asubuhi hiyo katikati yao alikaa Kinyozi mwenyewe, kamwacha mteja ndani na kichwa nusu, anageuzageuza bolti kiganjani kama mtu aliyeokota jino.

Nyuma ya duka, chini ya turubai, lilikuwa gari la dada yake. Dada huyo alikuwa dereva wa teksi. Ndiye aliyemlea Kinyozi mama yao alipofariki, na mkasi wake wa kwanza alinunuliwa na huyo huyo. Kisha siku moja ya mvua, lori likaisukuma ile teksi mtaroni. Ubavu wa gari ulibonyea na mguu wa dada ukavunjika, lakini mkanda ulimshika, kichwa hakikugusa kioo. Tangu hapo hakulitaja gari hata kwa bahati mbaya. Kinyozi akienda kumwona hospitali, waliongea habari za uji, za wauguzi, za jirani anayekoroma. Gari, kimya. Naye Kinyozi kila Jumapili alikuwa kalala chini ya gari hilo, akinyoosha, akikwangua kutu, akipaka rangi, na moyoni anajiuliza: nikimwonyesha atafurahi, au nitakuwa nimemfufulia jinamizi lake?

Kesho yake dada alikuwa anaruhusiwa. Kazi iliyobaki ilikuwa kufunga mkanda mpya, maana wa zamani ulikatwa dada alipokuwa akitolewa, na bolti zake zilikuwa zimeliwa na kutu.

— Hii inaingia nusu, halafu inagoma, alisema Kinyozi.

— Inaona haya, alisema Uhakika. Ni mgeni siku ya kwanza. Igonge nyundo kidogo kidogo. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo.

— Wahenga walikuwa wanakata mti, alisema Mama Kahawa. Hawakuwa wanafunga mkanda wa mtu.

— Mama, bolti ni bolti. Kazi yake kubana.

Redio akaweka kiatu chini, akachakura kwenye sanduku lake, akatoa bolti nne zinazong'aa kama vijiko vya harusi.

— Tatizo limekwisha. Nimezifungua leo kitandani kwangu.

— Na kitanda kimesimama na nini? aliuliza Kinyozi.

— Kimelala. Kwani kazi ya kitanda ni nini? Tazama zinavyong'aa, hazijui kutu hizi. Kizuri chajiuza!

— Mbona hizi umezileta bure? aliuliza Mama Kahawa.

Uhakika akaichukua moja, akaigonga ukutani, akaitegea sikio. Kisha akaing'ata.

— Hiki ni chuma cha meli, alitangaza. Kina chumvi. Na chuma cha meli iliyozama ndicho imara kuliko vyote, kwa sababu hakina tena la kuogopa.

— Sikiliza hiyo, Kinyozi! alidakia Redio. Tena chuma kina kumbukumbu. Hizi zimezoea kubeba watu miaka yote. Siku dada akifunga breki ya ghafla, zitadhani ni mimi nimegeuka usingizini. Zitatulia tu.

Kinyozi alicheka na wenzake. Siku ilikuwa imebaki moja. Akaijaribu bolti ya kitanda kwenye kidole, akaiona nene ya kutosha.

— Mwenye duka la vipuri aliniambia niangalie kichwani, alisema. Eti bolti za kazi nzito zina namba ya nguvu.

— Hiyo ni namba ya simu ya kiwanda, alisema Redio. Ikivunjika uwapigie.

— Na tundu lake je? aliuliza Kinyozi. Nati yake imechomelewa ndani ya bodi, na nyuzi zake, hii mistari ya kuzungushia, ni nyembamba kuliko za hii.

— Tunalipanua, tunaweka nati yetu kwa nyuma, alisema Uhakika. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani.

Methali hiyo ilikuwa imeingiaje, hakuna aliyejua, lakini ilisemwa kwa sauti nzito kiasi kwamba Kinyozi akainuka. Alikuwa ameshaamua. Kwa nini asiamue? Bolti ilikuwa mkononi na siku zilikuwa hazingoji.

Ndipo gari la jirani yao muuguzi likasimama mbele ya duka. Mlango ukafunguka, likatoka gongo, likafuata la pili, akafuata dada.

— Dada! Shikamoo! Si tulisema kesho?

— Marahaba, mdogo wangu. Daktari amepita mapema, kitanda kina mwenyewe mwingine. Ningengoja nini?

Wote wakasimama kumpisha benchi. Kinyozi akasukuma bolti ndani ya mfuko wa aproni.

— Unaficha nini?

— Bolti ya mkanda wa gari lako! alijibu Uhakika.

Redio akamkanyaga, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Dada aliwatazama mmoja mmoja, kisha akageuza magongo na kuelekea nyuma ya duka. Kinyozi akamfuata, akashika pembe ya turubai, akaivuta.

Dada alipitisha kiganja kwenye mlango, pale palipokuwa pamebonyea. Akafungua, akauona mkanda mpya unaning'inia bila mshiko. Kinyozi alitamani ardhi impasukie.

— Nipe hiyo bolti, alisema dada.

Akaipima kiganjani, akawageukia wazee wa benchi waliokuwa wamejipanga nyuma kama wafiwa.

— Hii ndiyo mnataka kunifungia?

— Ni ya kitandani kwangu, dada, alisema Redio. Ya kuaminika.

— Haya. Nina swali moja tu. Mguu huu ukipona, nitateremka na gari hili kwenye ule mteremko wa shule, mbio kabisa, halafu nitakanyaga breki mpaka chini. Nani kati yenu atakaa pembeni yangu, amejifunga kwa bolti hii?

Redio akakikumbuka kiatu cha mteja wake. Uhakika akatazama mawingu, na mawingu hayakuwepo.

Kinyozi peke yake alikuwa amesikia kitu kingine kabisa.

— Dada... umesema utaendesha?

— Sasa aendeshe nani, wewe? Wewe unayegonga ukuta gari likiwa limezimwa?

Kinyozi akakaa chini pale pale, mgongo kwenye gurudumu, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

— Nilidhani hutaki hata kuliona.

— Na mimi nilidhani mmeliuza chuma chakavu. Kila ulipokuja niliogopa kuuliza.

Asubuhi ile ile Kinyozi alikwenda duka la vipuri na kisiki cha bolti ya zamani. Mwenye duka akatafuta mpaka akapata zenye namba kichwani, akailaza moja ubavu kwa ubavu na kile kisiki, nyuzi zikalaliana kama meno ya vitana viwili. Garini hazikuhitaji nyundo. Ziliingia kwa vidole tu, taratibu, mpaka mwisho, ndipo spana ikamalizia. Dada akajipenyeza kwenye kiti, akajifunga, akauvuta mkanda kwa ghafla na nguvu zake zote. Mkanda ukagoma. Akauvuta tena. Ukagoma tena.

— Aaah, alishusha pumzi, akaweka mikono miwili kwenye usukani. Mimi sitoki humu leo. Mama, niletee kahawa hapa hapa.

Mama Kahawa akalipindua birika, likadondosha machicha.

— Imekwisha, mwanangu. Hawa wameimaliza yote kwa bolti moja.