Moshi wa Kazini kwa Boga

Februari ya mwaka tisini na mbili, hapa Port Reitz, benchi letu lilikuwa likituchoma mpaka magharibi. Jioni moja Boga alikuja bila salamu, nami sikulipenda lile jambo. Miaka kumi na tisa yuafungua na kufunga valvu katika kiwanda cha mafuta. Aliketi kwa kishindo, akakikataa kikombe cha kahawa.

— Binti yangu Mwanarehema kesho haendi shule. Nimekata shauri.

— Kulikoni? akauliza Lewa, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki.

— Mwalimu wake amewafundisha ati mafuta yakichomwa hutoa hewa isiyoonekana, na hewa hiyo huzuia joto la jua lisirudi juu. Jana, mbele ya wageni, aniambia: "Baba, ndiyo kazi yako." Kazi inayomlisha, wallahi!

— Joto ni ule moto wenu unaowaka juu ya bomba la kiwanda, akasema Redio. Uzimeni, tutavaa sweta.

— Moto ule haupashi hata Mikindani hapo jirani! Boga akafoka.

— Basi ni mafuta mliyoyafyonza ardhini. Dunia sasa yajisaga kama injini isiyo na oili.

Dishon, dereva wa lori la mafuta, mtu wa bara, akacheka.

— Wacha hizo, bana. Lori nikiifunga vioo juani, joto inaingia, haitoki. Pengine hiyo hewa ndiyo kioo.

— Nawe wamsaidia mwalimu? Boga akamgeukia. Unakula wapi wewe?

Redio akadakia.

— Wazungu wamechoka na baridi yao, wanaagiza joto. Sisi tuko njiani tu!

Hakuna aliyecheka. Mwanarehema alikuwa amefika, bado yumo ndani ya sare.

— Shikamooni. Baba, mama akuita.

Tukaitikia marahaba, isipokuwa Boga.

— Sare hiyo ivue, umpe mdogo wako.

Msichana machozi yakamtoka, lakini hakuondoka.

— Haya, baba. Lakini valvu ni zako, wewe ndiwe ujuaye. Moshi ukishatoka pale juu, huenda wapi?

Mimi nikajifanya napuliza kahawa. Boga akautazama ule moshi wa kiwandani ukipanda, ukififia, mpaka haukuonekana tena.

— Sijui, akasema.

Miaka yote hiyo mimi sikuwa nimepata kulisikia neno hilo kinywani mwa Boga.

Akainuka, akampangusa bintiye uso kwa kiganja.

— Kesho kamuulize mwalimu. Na uandike vizuri, nami nisome.