Njia Isiyo na Watu

NOURIAT: Haloo? Nani mwenzangu?

MOUIGNI: Mimi Mouigni, babu yake marehemu mumeo. Niko posta, huku Moroni.

NOURIAT: Kwezi, Bakoko, nakuamkia. [Laini inakwaruza.] Ridjali mwenye duka kaja mbio kuniita, nikadhani kuna msiba.

MOUIGNI: Msiba ni ule ule, mwanangu. Eda umemaliza?

NOURIAT: Jumatatu. Leo ndiyo mara ya kwanza natoka. Niko dukani kwake, bandarini huku kwetu, jua linaniumiza macho.

MOUIGNI: Haya. Ndiyo maana nikangoja. Nikasema mwache mtoto akae eda yake, asije mtu na maneno yake aka—

NOURIAT: Bakoko, simu ya watu hii.

MOUIGNI: Nasema, nasema. Mroudjae anamwoza binti yake, Bahiat. Alhamisi.

NOURIAT: Na amwoze.

MOUIGNI: Ataenda nani? Mji umemtenga miezi minne. Hasalimiwi. Akikaa msikitini, watu wanasogea. Juzi mkewe kapita Badjanani kuazima sufuria za karamu, kila nyumba inamwambia zetu zimetoboka. Mtaa mzima, sufuria zote zimetoboka.

NOURIAT: Alimwacha mume wangu Houssen apande mlima peke yake. Kazi yao ya kuongoza wageni ni ya wawili, siku zote.

MOUIGNI: Ndiyo. Sasa nisikilize. Unajua Jumapili njia ya mlima Karthala inavyojaa. Wageni wa hoteli, halafu wale wazungu mamluki wa kambini na bunduki zao. Houssen walikuwa wakimbebesha kreti zao za bia mpaka juu. Siku moja akakataa. Wakampiga kofi mbele ya wageni wake.

NOURIAT: Hakuniambia.

MOUIGNI: Mwanamume gani atamwambia mkewe kapigwa kofi? Alikuja kwangu. Akakaa kibarazani kitambo, akaniuliza kama iko njia nyingine, isiyo na watu, awapitishe wageni wake kwa amani. Nikamwambia ipo, ya wachunga ng'ombe, nimeipita miaka na miaka. Nikamchorea mchangani kwa mkongojo. Nikafurahi, mwanangu. Siku hizi nani ananiuliza kitu? Hata saa ya swala hawani—

NOURIAT: Bakoko.

MOUIGNI: Akasema Ijumaa waende wawili, yeye na Mroudjae, waitazame kwanza. Mroudjae keshafunga viatu. Mimi ndiye niliyemwambia akae, aswali Ijumaa. Nikasema njia ile nyeupe kama ua wa nyumba yangu, mtu mmoja anatosha.

[Laini inavuma.]

NOURIAT: Rudia.

MOUIGNI: Mimi ndiye niliyemzuia Mroudjae. Na ile njia... tangu mlima utapike moto, mwaka ule kijiji cha Singani kilipoungua, sijaikanyaga. Ilikatika. Pale nilipomchorea njia, kumbe pana shimo.

NOURIAT: Na Mroudjae kanyamaza miezi yote hiyo?

MOUIGNI: Kanyamaza. Kaona mimi mzee, nikitengwa mimi sifiki mwakani. Na mimi nikamwacha anyamaze. Naingia msikitini, napishwa mbele, napewa pole.

NOURIAT: Siku tatu, Bakoko. Walimpata baada ya siku tatu. Ingekuwa njia ile ya watu, wangemwona.

MOUIGNI: Wangemwona.

NOURIAT: Hata wale wa kambini wangemwona.

MOUIGNI: Hata wao. [Anakohoa.] Karani ananinyooshea kidole, muda unakwisha. Mwanangu, mimi siwezi kumfungulia Mroudjae. Wazee wanataka neno la aliyefiwa, na aliyefiwa ni—

NOURIAT: Waambie Nouriat kasema watu waende kwa Mroudjae. Wakale wali wake. Wanawake wapeleke sufuria.

MOUIGNI: Nitawaambia. Na yangu nitayasema, Alhamisi, mbele ya watu wote.

NOURIAT: Yaseme.

MOUIGNI: Nawe, mwanangu? Ijumaa nikipata nafasi nitakupi—

NOURIAT: Ijumaa usinipigie.

MOUIGNI: Haya.

NOURIAT: Ijumaa sitaki kusikia sauti ya mtu. Siku nyingine... sijui, Bakoko. Labda. Wewe huko nani anakupikia? Umekula le—

[Laini inakatika.]

MOUIGNI: Haloo? Nouriat? Sijala, mwanangu.