Mama Mitungi, Fundi wa Gesi ya Kulinganishia

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, tunawashukuru kwa kufika. Tumeombwa tueleze maisha ya dada yetu kwa kifupi. Yeye mwenyewe angeuliza kwanza: kifupi kwa kulinganisha na nini?

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1954, alfajiri ya mvua, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mikate, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Baba yetu alikuwa fundi mizani. Sebuleni viti havikutosha, ila mawe ya mizani yalikuwa tele, ya shaba, yamepangwa kwa ukubwa juu ya kitambaa, na watoto tulikatazwa kuyagusa kwa vidole kwa kuwa jasho nalo lina uzito. Dada alipenda kulala mchana chini ya meza hiyo, harufu ya mikate ikipita dirishani, na akiamka alikuwa na ndoto moja tu ya kusimulia: ameota hewa. Hewa ya namna gani? "Ya bluu huku, ya njano kule," alisema, "na inatembea polepole kama mtu anayetafuta kiatu." Mama alimpeleka kupimwa macho. Yalikuwa mazima.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, aliyomaliza mwaka 1972. Huko alikumbukwa kwa kufaulu kemia, na kwa kumuuliza mkuu wa shule, mbele ya wanafunzi wote, kengele ya shule inafuata saa ya nani. Mkuu akasema inafuata saa yake. Dada akataka kujua saa yake inafuata nini. Alipewa adhabu ya kufagia maabara muhula mzima, na kwa maelezo yake mwenyewe hakuna likizo aliyowahi kuifurahia kama ile. Alihitimu chuo cha ufundi mwaka 1976, akiwa fundi wa vipimo.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na kiwanda cha ngozi. Wasiowahi kufika kiwanda cha ngozi wana bahati, na pua zao zina bahati zaidi. Kwenye mashimo ya maji machafu hutokea gesi inayonuka kama yai viza. Ikiwa kidogo, inaudhi. Ikizidi, inaua uwezo wa kunusa kabla haijamuua mwenye pua, kwa hiyo mtu hudhani imeondoka. Ndiyo maana kila anayeshuka hutakiwa kuvaa kifuani kipima gesi, kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni, kinacholia hatari ikikaribia. Lakini kidude nacho huchoka, husahau. Kazi ya Dada ilikuwa kukikumbusha. Alikuwa na mitungi midogo yenye gesi ileile, kwa kiasi kinachojulikana na kuandikwa ubavuni. Alikipulizia kifaa kwa mpira mwembamba, akasoma namba, na isipolingana na ya mtungi alikirekebisha mpaka ilingane.

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye vioo vya ukungu. Nje, mvuke wa ngozi zilizooshwa ulipita dirishani kama kundi la kondoo wasio na haraka. Ndani hapakuwa na sauti ila mnong'ono wa gesi, na Dada ameinama juu ya kifaa, macho nusu yamefumba. Waliopita walidhani amelala, na wenye adabu walimfungia mlango taratibu. Wakamwita Mama Mitungi kabla hajawa mama wa mtu.

Hapo ndipo alipokutana na mumewe, kiongozi wa wasafisha mashimo, aliyejulikana kiwanda kizima kwa jina la Pua.

"Fundi, hicho kidude kitaniambia nini ambacho pua haijaniambia?"

"Kitakuambia pua yako imekufa."

"Pua hii? Hii inajua hadi jirani wa tatu kaunguza nini!"

Alipoleta posa alipewa sharti. "Mimi siolewi na pua," Dada alisema. "Naolewa na mtu anayerudi nyumbani jioni. Vaa kifaa." Walifunga ndoa tarehe 14 Aprili 1984. Katika picha zote za harusi bwana harusi ana kipima gesi kifuani, mahali pa ua. Alisema ameambiwa avae, hakuambiwa lini avue.

Wasifu wa heshima ungeruka mwaka 1991. Marehemu aliagiza usirukwe.

Mwaka huo mitungi mipya ilichelewa, na mtungi uliokuwepo ulikuwa umepita tarehe yake. Gesi hiyo ikikaa sana mtungini hudhoofika, ilhali maandishi ya ubavuni yanabaki na nguvu zilezile. Dada alilijua hilo. Akajiambia wiki chache hazitadhuru. Vifaa vikapuliziwa gesi dhaifu, vikasoma chini, naye akavipandisha mpaka vikalingana na maandishi. Vilikubaliana vyote, kama kwaya nzima iliyopewa sauti isiyo yake. Kuanzia hapo vilihesabu gesi kidogo kuwa nyingi, vikalia bila sababu: getini, kwenye foleni ya maji, na kantini mtu alipomenya yai la kuchemsha.

"Mama Mitungi, wanao wana njaa!" wafanyakazi walimtania. Wengine waliviziba mdomo kwa plasta. Shemeji yetu alivumilia kuliko wote, kisha siku moja akakitundika chake kwenye msumari, akashuka shimoni na pua yake.

Wenzake walimvuta kwa kamba, hajitambui. Alipona. Uwezo wa kunusa haukurudi.

Dada alisimama kantini mbele ya zamu zote. "Vifaa havina wazimu," alisema. "Niliviambia uongo, vikaniamini. Nyinyi mkaacha kuviamini, na siwalaumu. Mtungi ulikuwa umepita tarehe, na mimi nilijua."

"Sasa sisi tuamini nini?" mtu wa nyuma akauliza.

Dada alipoletewa mitungi mipya aliivuta meza yake hadi mlangoni mwa karakana, na tangu hapo hakumpulizia mtu kifaa tena. Kila anayeshuka alishika mtungi mwenyewe, akasoma kwa sauti kiasi cha gesi na tarehe ya mwisho, akapulizia, akasubiri kilie. Walianza wachache, kwa udaku tu. Foleni ikarefuka.

Mumewe hakuwemo. Alikuwa ameomba kazi ya stoo, akakataa kushuka tena. Nyumbani alikuwa mpole kama mgeni, na hilo ndilo lililomuumiza Dada, aliyezoea kugombana na mtu wake.

"Nilivaa kwa sababu yako," alimwambia mara moja tu. "Kidude chenyewe sikukijali. Sasa nitakuamini vipi?"

"Usiniamini," Dada alisema. "Njoo usome mtungi."

Hakwenda. Mvua zilikwisha, zikaanza tena. Asubuhi moja ya ukungu Dada alikuwa mezani, macho nusu yamefumba, akasikia sauti ikisoma tarehe neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza. Hakuinua uso.

"Hujasoma kiasi," alisema.

Akasoma kiasi. Akapulizia, kikalia, naye akashuka kazini. Jioni hiyo, majirani ni mashahidi, waligombana vizuri sana kuhusu chumvi.

Dada alistaafu mwaka 2014. Meza bado iko mlangoni.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza mwaka jana. Hospitalini alivishwa kidoleni kifaa cha kupima hewa ya damu, akamuuliza muuguzi kimelinganishwa na nini. "Na daktari, bibi," muuguzi alisema. Dada alicheka mpaka kifaa kikalia. Wiki za mwisho alirudishwa nyumbani. Alisinzia mchana kutwa, pazia likivuta pumzi na kuitoa, na kila alipoamka mabinti zake walimwambia, "Mama, leo una nafuu." Alitabasamu kwa adabu. Alfajiri ya tarehe 3 Oktoba 2023 alimgeukia mumewe.

"Niambie wewe. Naendeleaje?"

Shemeji alimwinamia. Sisi tuliokuwa chumbani tulitamani aseme lolote ila ukweli.

"Umeshuka," alisema. "Umeshuka kuliko jana, mke wangu."

"Ahsante," alisema Dada. "Wewe nakuamini."

Akamshika mkono, akafumba macho, akafariki kabla chai haijaiva.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, wadogo zake watatu, na zamu mbili za kiwanda cha ngozi ambazo leo zimeshuka na kupanda salama. Apumzike kwa amani, mahali ambapo hewa haihitaji shahidi.